Doa Begani kwa Dobi

Benchi hili ni langu. Naomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu ukipita hapa asubuhi ukaona wanaume wamelijaza, huku mimi mwenye benchi nimekaa chini kwenye kigoda na kiatu cha mtu mapajani, unaweza kudhani nimepanga kwao. Nililitengeneza ili wateja wa viatu wakae wakisubiri soli. Hakuna mteja aliyewahi kulikalia. Mguu wake mmoja ni mfupi, nikaupigia kipande cha raba, na tangu hapo benchi haliyumbi. Wanaoyumba ni wanaolikalia. Upande wa ukutani hukaa Honi, dereva wa mabasi aliyestaafu, shati jeupe kila siku, limepigwa pasi mpaka unaogopa kuligusa. Katikati hukaa Koki, fundi bomba, na mfuko wa spana ambao haujawahi kuwa na haraka. Upande wa barabarani ni wa Povu, dobi wetu. Chumba chake cha kufulia kiko nyuma ya kibanda changu, ukuta kwa ukuta, na kutwa nzima utasikia pasi ya mkaa ikigonga meza huko ndani, gu, gu, gu, mpaka masikio yanaizoea. Mbele yao amechuchumaa Mzee Birika, anayetuuzia kahawa na kutugawia hekima, na vyote viwili ni vichungu. Mimi wananiita Gundi. Sipendi maneno mengi. Ninayoyasimulia hapa ni yale tu yaliyonilazimu.

Asubuhi hiyo Povu alichelewa. Alikuja ameshika mfuko mweusi wenye kitu kizito ndani, akauweka chini ya benchi kwa uangalifu, akakaa bila salamu. Begani kulia, juu ya shati la buluu, palikuwa na doa jeupe lililokauka, pana kama kiganja.

Honi: Ala! Dobi ana doa! Basi na mimi nikauze viatu vyangu, dunia imekwisha.

Povu: Liache doa, mzee. Hilo ni la mwanangu.

Koki: Amecheua tena?

Povu: Wewe unasema tena, kama vile kuna saa alipumzika. Ananyonya, anacheua. Ananyonya, anacheua. Namvua nguo, namvalisha nyingine, naye anaicheulia hiyo nyingine. Nafua nguo za mtaa mzima, lakini mteja wangu mkubwa ana miezi miwili, na bado hajasema asante.

Tulicheka. Yeye hakucheka, nami nikaliona hilo, ila nilikuwa na sindano mdomoni.

Mzee Birika: Pole, mwanangu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Povu: Haya ni maziwa, mzee. Na mimi nayazoa kutwa, kwa kitambaa.

Mzee Birika: Methali haijali ni maji ama maziwa.

Koki aliweka kikombe chini. Koki akiweka kikombe chini, jua kwamba mtu anakaribia kufundishwa.

Koki: Nipeni nafasi, hili ni la fani yangu. Kati ya koo na tumbo lazima pana koki. Sasa ya mtoto mchanga ni mpya, bado haijakaza. Wewe umejaza tangi mpaka juu, halafu ukalilaza tangi ubavu. Maji yatafanya nini?

Honi: Yatarudi.

Koki: Sasa je!

Mimi: Haya, fundi. Dawa yake?

Koki: Tunafunga maji. Anyonye asubuhi, anyonye jioni, basi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa kinamwagika.

Mimi: Wahenga walisema nusu. Nusu ya pili umeitia wewe.

Koki: Nimewamalizia kazi yao.

Povu: Umfungie mtoto wa miezi miwili mpaka jioni? Wewe humjui huyo mtoto. Akichelewa kidogo tu, sauti yake inavuka barabara.

Honi alikuwa akitikisa kichwa muda wote, taratibu, kwa huruma ya mtu anayewasikiliza wajinga.

Honi: Mtoto huyo hana koki mbovu. Huyo ana kichefuchefu cha safari.

Povu: Safari ya kwenda wapi, mzee? Hajawahi kuvuka mlango peke yake.

Honi: Nisikilize. Nimeendesha mabasi mpaka mvi zikaota kwenye usukani. Nani anayetapika garini? Abiria wa viti vya nyuma. Haya, mtoto akibebwa mgongoni yuko wapi? Nyuma! Haoni mbele, hana dirisha. Mama anakata kona, anapanda tuta, anafunga breki mbele ya ndoo. Wewe usingetapika?

Koki: Mh! Hapo pana neno.

Honi: Na mama mwenyewe aendeshe pole pole. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Mimi: Nyama imeingiaje kwenye kunyonya?

Honi: Usinikatishe nikiwa barabarani, Gundi. Akishanyonya, mlazeni kifudifudi. Mzigo ukilazwa kifudifudi hata basi likipinda haudondoki.

Povu: Atapumulia wapi?

Honi: Mzigo haupumui.

Povu: Sasa ndiyo maana nakuuliza! Mwanangu anapumua!

Ikawa kelele. Honi anasema hakumaanisha hivyo, Koki anasema alimaanisha, na mimi nilishatoboa soli mahali pasipotakiwa. Mzee Birika ndiye aliyetunyamazisha. Aliinua mfuniko wa birika lake, akachungulia ndani kama anayesoma.

Mzee Birika: Nyote mnapiga kelele pembeni. Nikichemsha kahawa, maji ya kwanza yanakuwa mazito, yana nguvu. Nikiongeza maji juu ya masalio yale yale, napata kitu chenye rangi ya kahawa, lakini tumboni hakikai. Haya, mama mtoto amechoka, halali vizuri, halafu ndiyo uzazi wake wa kwanza. Maziwa yake yamekuwa ya maji ya pili. Ni mepesi. Kitu chepesi hakitulii, lazima kipande juu.

Jamani, maneno yakisemwa taratibu yanafanana sana na ukweli. Koki akasema ndiyo, chanzo kikiwa kibovu usililaumu bomba. Honi akasema kweli, mafuta machafu yanaua injini nzima. Na mimi, na sindano yangu mdomoni, nikatikisa kichwa juu na chini. Nyuma ya ukuta pasi ilikuwa imenyamaza kidogo. Ikaanza tena, gu, gu, gu.

Povu akauvuta ule mfuko mweusi kutoka chini ya benchi, akatoa kopo la maziwa ya unga. Jipya, halijafunguliwa. Akaliweka mapajani na kulishika kwa mikono miwili.

Povu: Basi na nyinyi mmesema. Dada yangu mkubwa alikuja juzi, akasema hayo hayo. Akamwambia mke wangu usoni: maziwa yako hayafai, unamshindisha mtoto na njaa. Tangu siku hiyo mwenzangu ananyonyesha huku analia. Jana ameniuliza, "Mume wangu, maziwa yangu yana nini?" Mimi ningejibu nini? Leo nimepitia dukani. Mchana huu nampelekea kopo, namwambia kunyonyesha basi.

Mimi: Yeye anajua?

Povu: Hajui. Nilitaka nipite hapa kwanza, nipate moyo.

Watu huja hapa kupata kahawa na kivuli. Kuja kutafuta moyo lilikuwa jambo geni.

Povu: Naogopa, jamani. Nawaambieni ukweli wangu. Doa la kutu nalijua, la damu nalijua, grisi ya Koki naitoa nimefumba macho. Hili likikauka begani kwangu nalitazama, nasema mtoto wangu huyu anaisha. Kila kinachoingia kinatoka. Yaani mke wangu analia chumbani, na mimi nalia kwenye beseni ili ionekane ni maji ya kufulia.

Koki akamshika goti. Honi akatazama upande wa barabara, akasema vumbi la leo ni baya. Nilitoa sindano mdomoni.

Mimi: Sasa hebu tusiende kwa kubahatisha. Anatoa kiasi gani?

Povu: Si unaona! Doa kubwa namna hii. Kikombe kizima.

Koki: Kikombe kizima hapana. Nusu.

Honi: Kizima na chenji.

Koki: Nusu! Mimi maji ndiyo kazi yangu.

Povu: Na mimi madoa ndiyo kazi yangu! Unabishana na dobi kuhusu doa?

Sijui nani alikuwa wa kwanza kusema tupime. Koki anasema ni yeye, na Honi anasema ni yeye, lakini kopo la gundi lililowekwa pembeni ili kitambaa kitandazwe lilikuwa langu. Povu alitoa kitambaa cheupe cha kufutia mikono, akakikunja kama anavyokiweka begani, akakilaza katikati ya benchi. Koki akanyakua kikombe cha kahawa kilichojaa.

Mzee Birika: Hiyo ni kahawa, si maji ya mtihani!

Koki: Elimu haina bei, mzee wangu.

Akamimina kikombe kizima. Kahawa ilikijaza kitambaa, ikakipita, ikateleza juu ya ubao na kwenda moja kwa moja kwenye suruali ya Honi. Honi aliruka kama amebonyezwa.

Honi: Mnaniunguza! Mnaniunguza na umri huu!

Koki: Kwa hiyo si kikombe kizima. Umeona? Tunaendelea.

Kitambaa kikakamuliwa na kukunjwa upya. Nusu kikombe kikalowesha kitambaa chote, kikadondokea chini kwenye viatu vya watu, viatu nilivyokwisha kuvipaka rangi. Tukajaribu robo. Bado doa lilikuwa kubwa kuliko la begani mara mbili. Hapo tena hakuna aliyekuwa akicheka. Tuliinamia kitambaa kile kama mafundi saa. Mzee Birika mwenyewe, aliyekuwa akilalamikia kahawa yake, akatoa kijiko anachopimia unga wa kahawa, akachota kidogo kilichobaki chini ya birika, akamimina polepole katikati ya sehemu kavu.

Doa likatanuka. Likatanuka, likasimama. Povu akakiinua kitambaa, akakiweka karibu na bega lake. Lilikuwa pana kama kiganja.

Koki: Kijiko?

Honi: Kijiko.

Mimi: Kijiko kimoja, Povu.

Povu: Haiwezekani.

Koki akachota kingine na kummiminia bega la kushoto, hakuomba hata ruhusa. Sasa Povu alikuwa na madoa mawili sawasawa, moja jeupe, moja la kahawa, mfano wa cheo cha jeshi lisilojulikana. Alitazama kulia, akatazama kushoto.

Povu: Miaka yote hii naondoa madoa. Sijawahi kuliuliza doa lilianza likiwa kiasi gani.

Ungedhani mambo yangeishia hapo. Hulijui benchi langu.

Honi: Basi tatizo liko pale pale. Hicho kijiko kimoja ndicho kinachotoka na vitamini zote. Kinachobaki ndani ni maji.

Koki: Aa, sasa nimeelewa. Ni hewa! Hewa imenasa ndani ya bomba. Sisi tukiwa na bomba la hivyo tunaligeuza. Shika miguu, kichwa chini, tikisa kidogo...

Povu: Mguse mwanangu uone.

Mzee Birika: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mtoto aambiwe mapema kwamba chakula hakirudishwi.

Mimi: Aambiwe na nani, mzee? Ana miezi miwili!

Mzee Birika: Samaki mkunje angali mbichi.

Wakati huo mama mmoja wa makamo alikuwa amesimama pembeni yetu, sijui tangu lini. Mimi mtu humtazama viatu kwanza. Vyake vilikuwa vyeupe vya kufunga kamba, soli imeliwa kisigino upande wa nje, viatu vya mtu anayesimama kutwa. Mkononi alikuwa na gauni jeupe la kazi.

– Hamjambo hapa?

– Hatujambo, mama. Karibu.

– Namtafuta dobi. Nimehamia zahanati ya huku juzi tu, ni mkunga. Nimeambiwa kuna dobi anayepiga pasi vizuri kuliko wote.

Sote tukamwonyesha Povu. Yule mama akamtazama. Akaliona doa jeupe, akaliona doa la kahawa, akaona kopo mapajani, akaona kitambaa, kijiko, na suruali ya Honi. Akavuta pumzi kama mtu anayeanza zamu.

– Ana umri gani?

– Miezi miwili, mama.

– Uzito unaongezeka?

– Wiki hii wamempima. Nesi alicheka, akasema huyu tumpeleke kwenye ndondi.

– Analowesha nepi?

– Nepi? Povu alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. – Nepi nafua mimi. Kamba nzima kule nyuma ni zake. Nguo za wateja naanika kwenye ukuta.

– Anachocheua kina rangi gani? Kijani? Kina damu?

– Hapana. Cheupe, siku nyingine kimegandaganda. Damu ningeijua hata ikiwa ndogo kama kichwa cha pini.

– Anakirusha mbali kwa nguvu?

– Hakiendi mbali. Kinateremka tu, mdomoni kwake mpaka begani kwangu.

– Anagoma kunyonya? Anajipinda na kulia?

– Agome? Thubutu! Akishacheua ananichekea, halafu anamtafuta mama yake.

Povu alikuwa akijibu haraka haraka, kama mwanafunzi aliyebahatika kusoma ukurasa ulioulizwa. Kifua kilimtanuka. Sisi nasi tukatanuka, maana dobi ni wetu. Yule mama akaliweka gauni lake benchini, mahali pakavu, akauliza jambo moja la mwisho, tena kwa sauti ya kawaida kabisa.

– Akishamaliza kunyonya, anabebwa na nani?

Povu alilihamisha kopo kutoka paja hili hadi lile.

– Mama yake... akaanza.

– Mama yake anafanya nini saa hiyo?

Hakuhitaji kujibiwa. Nyuma ya ukuta, gu, gu, gu. Ndipo nikagundua kitu ambacho masikio yangu yalikijua muda mrefu bila kuniambia. Ile pasi hunyamaza kidogo, kisha inaanza tena mara moja. Hunyamaza akinyonyesha. Inaanza akishamlaza mtoto, chali, tumbo limejaa, kwa sababu mkaa ndani ya pasi haumsubiri mtu na nguo za watu ziko mezani. Na aliyepaswa kuishika hiyo pasi yuko hapa kwetu, anapumzisha mgongo.

– Na wewe saa hiyo unakuwa wapi, baba?

Povu alitazama benchi. Koki alitazama spana zake. Honi alitazama mikono ya shati lake, iliyonyooka vile. Mimi nilitazama kiatu. Kilikuwa cha mguu wa kushoto. Hilo tu ndilo ninalokumbuka.

– Haya, akasema yule mama, na sauti yake haikuwa na ukali. – Maziwa ya mkeo hayana kosa lolote. Watoto wengi hucheua. Mlango wa juu wa tumbo bado mchanga, haufungi vizuri.

– Koki! fundi bomba wetu akaruka juu. – Nilisema! Nilisema mimi!

– Ulisema. Na ulisema tufunge maji, nikamkumbusha.

– Asifungiwe, akasema mkunga. – Anyonye kidogo kidogo, mara kwa mara. Akimaliza, msimamishe begani, umpigepige mgongo pole pole abeue, usimbane tumbo, usimrusherushe. Mkae hivyo kama nusu saa. Birika hili mnalimaliza kwa muda gani?

– Tukibishana, nusu saa, akasema Mzee Birika.

– Basi birika moja. Akilala, alale chali. Chali, si vinginevyo.

Honi alikohoa. Suruali ilikuwa bado inamfuka mvuke kidogo.

– Ila siku ukiona kijani, au damu, au anarusha kwa nguvu kila mara, au ana homa, au nepi zimeanza kukauka na uzito umesimama, usije kwenye benchi hili. Njoo zahanati, hata kama ni mbio. Gauni langu nitalipitia kesho kutwa.

Alikwenda zake. Povu alibaki amesimama, kopo mkononi. Akalirudisha mfukoni, akasema, "Jamani," akaingia nyuma. Tulitaka kunywa kidogo tuzungumzie aibu yetu kwa utulivu, lakini birika lilikuwa tupu. Kahawa yote ilikuwa imeishia kwenye kitambaa.

Pasi ikanyamaza. Tukasubiri. Haikuanza tena. Tulisikia sauti ya mwanamke ikiuliza kitu, na sauti ya Povu ikijibu chini chini, kwa muda mrefu. Halafu tukasikia yule mwanamke akilia, halafu akicheka, vyote kwa pamoja. Mzee Birika alijifanya anapuliza mkaa.

Tangu siku hiyo mambo yamebadilika hapa. Kopo lilirudishwa dukani na mama mtoto mwenyewe, akarudi na miche ya sabuni. Asubuhi pasi huanza, na anayeishika ni Povu. Tulilijua hilo kupitia shati la Honi, ambalo sasa lina makunyanzi mawili mgongoni na kola inayotazama kulia. Kumbe ile pasi ya sifa mtaa mzima haikuwa ya Povu hata siku moja. Honi alitaka kulalamika, akafikiri kidogo, akaamua kuzoea.

Kisha pasi hunyamaza, na Povu anatokea pembeni ya kibanda, mtoto amesimama begani, kitambaa chini ya kidevu. Anakaa upande wake wa barabarani. Mzee Birika anateleka birika, nalo ndilo saa yetu. Mtoto anakwenda mkono kwa mkono, na kila mtu ana mtindo wake. Koki humsikiliza mgongo kama bomba. Mimi humbeba kwa mkono usio na gundi. Kucheua hajaacha. Kumepungua, na siku nyingine hakupungui, lakini mtoto anakua mpaka ameanza kuwa mzito kwa Honi.

Leo asubuhi ilikuwa zamu ya Honi. Alikaa wima, miguu sambamba, akimpigapiga mgongo na kumwambia kwa sauti ya chini, "Taratibu, abiria wangu, tunafika, hakuna kona." Mtoto akabeua. Sauti ilikuwa ya mtu mzima aliyeshiba. Kabla hatujamaliza kumpongeza, akaliteremshia shati jeupe la Honi, begani, palepale.

Sote tuliinama kutazama.

Koki: Kijiko.

Mzee Birika: Kijiko kasoro.

Povu: Kasoro. Anaendelea vizuri.

Honi: Kasoro kabisa.

Na uso wa Honi, wallahi, ulikuwa wa mtu aliyepewa nishani.

Tulikuwa bado tunacheka kivuli kilipotuangukia. Alikuwa mama mtoto. Tangu tufahamiane, hajawahi kufika kwenye benchi hili. Tulimjua kwa sauti ya pasi yake tu. Kijana, mwembamba, kitambaa kichwani, usingizi umemrudia machoni.

– Shikamooni, baba zangu.

– Marahaba, mwanetu! Karibu, karibu.

Koki akasogea kumpisha. Hakukaa. Alimpokea mtoto kwa Honi, akamfuta mdomo, akamnusa shingoni, akamweka begani kwake. Mtoto akatulia mara moja, kama vile sisi wengine tulikuwa kituo tu cha njiani. Mama akatutazama mmoja mmoja, kuanzia ukutani mpaka barabarani, kisha chini kwenye kigoda changu. Alikuwa akitabasamu, lakini si sana.

– Ule ukuta ni mwembamba sana, mnajua? Nilikuwa nataka kuuliza kitu kidogo tu. Kati yenu, ni nani aliyesema maziwa yangu ni ya maji ya pili, na ni nani aliyekubali?

Povu alikuwa ameinamia kufunga kamba ya kiatu, na leo amevaa ndala. Mtoto alitutazama kutoka juu ya bega la mama yake, macho makubwa, anasubiri jibu naye.

Kahawa ilikuwa imekwisha muda mrefu. Hata hivyo, sote tuliinua vikombe tukanywa.